Fizikia Nayo Yataka Mizani

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yatangazwapo, hunijia vijana wawili watatu wenye swali moja. Wamepata alama za kuwatosha kuomba shahada ya ualimu wa sayansi, wamechagua fizikia kuwa somo lao la kufundishia, na sasa wanauliza: tujiandaeje kabla chuo hakijafunguliwa? Wengi hutaraji niwatajie vitabu vya hesabu. Huwatajia. Kisha huwaambia jambo la pili, ambalo huwafanya watazamane: jiandaeni pia kwa Kiswahili.

Nimefundisha fizikia katika shule za sekondari kwa miaka mingi, na jioni zangu nimezitumia kwa tungo. Kwa hiyo msinione nimepotea njia, wapenzi wa lugha, kwa kuileta fizikia katika uwanja huu wa vina na mizani. Hoja yangu ni nyepesi kuitamka, nzito kuitekeleza. Anayetaka kuwa mwanafizikia aweza pengine kujiandaa kwa hesabu na maabara pekee. Anayetaka kuwa mwalimu wa fizikia hana budi kujiandaa kwa lugha pia, tena kwa lugha ambayo wanafunzi wake huitumia kufikiri. Kwa watoto walio wengi hapa Tanzania, lugha hiyo ni Kiswahili.

Tuanze na yasiyo na ubishi. Miongozo ya udahili ya Tume ya Vyuo Vikuu imekuwa ikitaka, kwa uchache, ufaulu mkuu katika masomo mawili wenye jumla ya pointi 4, na kila chuo chaweza kuongeza masharti yake juu ya hayo. Kwa kuwa D huhesabiwa pointi 2, alama mbili za D zaweza kumfikisha mtu kwenye kiwango hicho. Lakini kufika mlangoni si kuwa tayari kwa yaliyomo ndani. Muhula wa kwanza humkuta mwanafunzi kwa vekta, trigonometria, logarithimu na kalkulasi, wala haungoji mtu ajikumbushe. Aliyesoma Fizikia, Kemia na Hisabati, yaani PCM, ana akiba ya kutosha. Aliyesoma PCB, ambaye hisabati yake ilikuwa lile somo dogo la BAM, ajue mapema kwamba ana mlima wa kupanda, na aanze kuupanda kabla jua halijawa kali.

Muda upo, ingawa si mwingi. Mtihani wa kidato cha sita hufanyika mwezi Mei, na vyuo hufunguliwa Oktoba au Novemba. Wapo wanaokwenda JKT kwa mujibu wa sheria, na hao hubakiwa na majuma machache tu. Hata hivyo, mwenye nia hakosi saa moja kwa siku. Nusu saa aitumie kwa hesabu. Nusu saa nyingine aitumie kupima kitu kwa mikono yake, kwa maana wengi huijua maabara kama chumba cha mtihani wa vitendo, si mahali pa kuuliza swali.

Wala maabara haihitajiki ili kuanza. Chukua uzi, ufunge jiwe dogo, uning'inize kwenye boriti, urefu wa mita 1 toka kifundo cha juu hadi katikati ya jiwe. Livute kidogo kando, uliachie, uhesabu mizunguko 20 ya kwenda na kurudi. Saa ya simu yako itakuonyesha sekunde 40 hivi. Sasa badilisha jiwe, weka zito zaidi, lakini urefu ubaki ule ule: muda haubadiliki. Fupisha uzi uwe sentimita 25, yaani robo ya urefu wa awali: muda hupungua kwa nusu, si kwa robo. Kisha fanya lililo gumu kuliko yote. Mwite mdogo wako wa darasa la sita, umweleze kwa Kiswahili umeona nini, na kwa nini jiwe zito halikuwahi wala kuchelewa.

Hapo ndipo wengi wao hukwama, nami hapo ndipo ninapoanzia hoja yangu.

Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali. Ifikapo kidato cha kwanza, lugha hubadilika kuwa Kiingereza kwa masomo karibu yote. Mtoto aliyejifunza kani, nishati, msuguano na usumaku kwa maneno aliyoyaelewa, huanza upya kwa maneno asiyoyajua, na aghalabu hakuna anayemwambia kwamba ni mambo yale yale. Basi hukariri. Huikariri kanuni ya kwanza ya Newton kwa Kiingereza kisicho na doa, na huandika jibu linalopata alama zote. Umwambie aieleze kwa mfano wa abiria anayesukumwa mbele daladala inapofunga breki ghafla, ananyamaza. Hakuna aliyemwambia kwamba kanuni ile ilikuwa ikimzungumzia yeye, akiwa amesimama mlangoni kwa kondakta.

Mwanafunzi huyo akifaulu, akaenda chuo, akahitimu, akarudi darasani na chaki mkononi, atafundisha kama alivyofundishwa. Ataandika maana ubaoni, watoto wataikopi. Hasara yake ni kubwa kuliko mtihani mmoja. Watoto wenye akili nzuri kabisa huamua, wakiwa na umri wa miaka 14, kwamba fizikia si yao, ilhali kilichowashinda ni sentensi.

Sasa tuyatazame maneno yenyewe, maana hapa ndipo mshairi na mwanafizikia hukutana.

Yapo maneno yetu ambayo humpotosha mwanafunzi endapo mwalimu hakujiandaa nayo. Chukua neno kazi. Mama amebeba ndoo ya lita 20 kichwani, anatembea kwa mwendo usiobadilika kwenye njia tambarare. Maji yale yana tungamo la kilo 20, na uzito wake ni kama newton 196. Fizikia husema kwamba kani inayoishikilia ndoo ile isianguke huelekea juu, ilhali ndoo inakwenda mbele. Kwa hiyo kani hiyo haifanyi kazi yoyote juu ya ndoo. Mwambie mama huyo kwamba hafanyi kazi, uone atakavyokutazama! Mwalimu aliyejiandaa hujua kwamba neno moja limebeba dhana mbili. Ataeleza kwamba misuli ya mama inatumia nishati, jasho lake ni la kweli, na kwamba wanafizikia wamelichukua neno la watu wakalipa maana finyu kwa ajili ya hesabu zao. Asiyejiandaa atawaacha watoto wakiamini kwamba fizikia ni elimu ya kukanusha yale wanayoyaona kwa macho.

Neno uzito nalo lina mtego wake. Sokoni twasema uzito wa sukari ni kilo 2. Darasani kilo ni kipimo cha tungamo, na uzito hupimwa kwa newton. Mizani ya sahani mbili hulinganisha tungamo na tungamo, kwa hiyo hata mwezini ingetoa jibu lile lile. Mizani ya springi huonyesha uzito, nayo mwezini ingesoma takribani sehemu moja ya sita ya ilichosoma hapa. Vivyo hivyo joto na halijoto. Sufuria kubwa ya maji vuguvugu yaweza kuwa na nishati nyingi ya joto kuliko kikombe cha chai inayochemka, ingawa halijoto yake iko chini. Ama neno nguvu, hilo limeelemewa: latumika kwa kani, latumika kwa nishati, latumika pia kwa kasi ya kufanya kazi, kama tunaposema injini hii ina nguvu. Asiyeyatenga maneno haya akilini mwake hatayatenga kwa wanafunzi wake.

Lakini yapo pia maneno yetu ambayo hufundisha yenyewe. Ninalolipenda kuliko yote ni kanieneo. Mtaani watu husema presha, hospitalini utasikia shinikizo la damu, na yote mawili yanaeleweka. Walakini waliounda neno kanieneo walifanya jambo la pekee: waliunganisha kani na eneo, na ndani ya neno moja wakaacha alama ya kanuni nzima, kwamba kanieneo ni kani iliyogawanywa kwa eneo. Mwanafunzi anayelijua neno hili anazijua tayari nusu mbili za hesabu yake; kilichobaki ni kumwambia ipi hugawanywa kwa ipi. Na mfano wake uko kichwani pa mama yule yule. Ngata anayoiweka chini ya ndoo haipunguzi uzito hata chembe. Hutandaza kani ile ile juu ya eneo kubwa zaidi, na eneo likiongezeka maradufu, kanieneo hupungua kwa nusu. Bibi zetu walilijua jambo hili bila kuliandikia kanuni.

Katika darasa langu nilikuwa nikiwapa wanafunzi ubeti huu niliouandika kwa ajili yao, wa mizani 16 kwa mshororo:

Kisu kikali na butu, tofauti yake nini?
Mkono ni ule wetu, kani ni moja jikoni;
Makali finyu ya kitu, hupenya hadi nyamani,
Gawa kani kwa eneo, hapo ndipo ubaini.

Si ubeti wa kushindania tuzo, na msomaji mkali atauona upungufu wake. Kazi yake ilikuwa moja tu: mtoto atoke darasani akiwa na swali la kumuuliza mama yake jikoni.

Kisha kuna sitiari, ambazo mwalimu wa fizikia hawezi kuziepuka hata akitaka. Twasema mkondo wa umeme, na neno hilo limetoka mtoni. Ni sitiari njema: humsaidia mwanafunzi kuona kwamba kuna kitu kinachopita ndani ya waya, na kwamba ukinzani ni kama mfereji uliobanwa. Ila kila sitiari ina mahali inapokoma. Mwanafunzi akiifuata ya mto hadi mwisho, atadhani kwamba elektroni hukimbia kutoka kwenye swichi hadi kwenye taa, ilhali elektroni husogea polepole mno ndani ya waya, mara nyingi chini ya milimita 1 kwa sekunde. Taa huwaka papo hapo kwa sababu waya wote ulikuwa umejaa elektroni tangu awali, na msukumo huwafikia wote karibu kwa wakati mmoja. Mshairi amezoea kujiuliza: sitiari hii inanipeleka hadi wapi? Mwalimu mtarajiwa ajifunze kujiuliza swali hilo hilo.

Hata hesabu zenyewe zina arudhi yake. Neno mizani, lililotujia kutoka Kiarabu, kwetu hutaja chombo cha sokoni na hutaja hesabu ya silabi katika mshororo. Fizikia huyajua yote mawili. Mlinganyo wa mwendo unapodai kwamba kasi ya mwisho ni kasi ya mwanzo ukijumlisha mchapuko uliozidishwa kwa muda, kila kipande cha mlinganyo huo ni lazima kiwe mita kwa sekunde. Kipande kimoja kikitoka kuwa mita tupu, kuna kosa, hata kabla hujaweka tarakimu. Nimewaambia wanafunzi wangu kwamba mlinganyo wa namna hiyo ni guni, kama shairi lenye mizani 8 kwenye ukwapi na 9 kwenye utao. Waliowahi kuhesabu silabi kwa vidole walielewa mara moja. Mazoea ya kukagua vizio kabla ya kukagua jibu ni maandalizi bora kuliko kukariri milinganyo 50.

Yupo atakayesema kwamba haya yote ni mapambo, na kwamba fizikia yenyewe haijali inasemwa kwa lugha gani. Namkumbusha habari ya Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Aliuweka mchanganyiko wake wa maziwa kwenye friza ungali moto, na ukaganda kabla ya ule wa mwenzake uliowekwa ukiwa umepoa. Aliuliza sababu, hakupata jibu la kumtosheleza. Baadaye, akiwa Mkwawa mjini Iringa, alimuuliza swali lile lile Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam aliyekuwa amewatembelea. Wenzake walicheka. Osborne hakulitupa swali. Alirudi Dar es Salaam, akaagiza lijaribiwe, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala katika jarida la Physics Education. Mpaka leo wanafizikia wanabishana juu ya jambo hilo, lini hutokea na kwa nini.

Na pale Mkwawa, tangu mwaka 2005, ni chuo kikuu kishiriki cha elimu, kinachoandaa walimu, wakiwemo wa fizikia. Kwangu mimi hilo ni funzo linalotosha. Swali la Mpemba lilitoka jikoni, na lilihitaji msikilizaji asiyecheka. Mwanafunzi anayeuliza kwa lugha asiyoimudu huuliza nusu ya swali. Nusu iliyobaki ni juu ya mwalimu kuisikia. Mwalimu ambaye fizikia yake inaishi katika sentensi za kukariri hana sikio la kuipokea nusu hiyo.

Sasa nijibu pingamizi mbili zenye uzito. Ya kwanza: chuo hufundisha kwa Kiingereza na mitihani huandikwa kwa Kiingereza, basi muda wa Kiswahili utoke wapi? Sisemi Kiingereza kitupwe. Mwanafunzi wa fizikia anayekisoma kwa kubabaisha atateseka, na namshauri asome kila siku kurasa kadhaa za kitabu cha fizikia kwa Kiingereza, kwa sauti. Ninachosema ni kwamba lugha mbili zikishikana hazipunguzani. Weka daftari la safu tatu: neno la Kiingereza, neno la Kiswahili, na sentensi ya mfano kutoka nyumbani kwenu. Dhana moja kila usiku, na katika miezi mitatu una dhana 90 unazoweza kuzieleza kwa mtu yeyote, mkulima au profesa. Atakayekuwa nazo hizo ataandika mtihani wa Kiingereza vizuri zaidi, kwa sababu atakuwa anaandika anachokielewa.

Pingamizi ya pili hutoka kwetu wenyewe, wapenzi wa lugha: istilahi hazijatulia, kila kitabu na neno lake. Ni kweli kwa sehemu. Lakini Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Kijana anayeingia chuo leo hakuwa amezaliwa. Maneno yapo, yanachokosa ni vinywa. Istilahi hutulia kwa kutumiwa, na itatumiwa na nani kama si mwalimu? Wala tusijitaabishe kulitafutia kila neno asili ya Kibantu. Atomu, elektroni na volteji zimekwisha kuwa wenyeji, kama zilivyo meza na kalamu. Neno linalohitaji kazi yetu ni lile ambalo mwanafunzi analijua kwa maana moja na darasa linalitaka kwa maana nyingine.

Na hapo, washairi, kuna kazi inayotungoja. Tumetunga mengi juu ya mapenzi, siasa na mauti, na tutatunga zaidi. Lakini ni wangapi kati yetu wamewahi kukaa na kijana anayekwenda kusomea ualimu wa fizikia, wakamsikiliza akieleza msuguano, na kumwonyesha neno gani halikukaa? Ni wangapi wametunga kitendawili ambacho jibu lake ni kani ya mvutano? Kila aliye na ndugu, mtoto au jirani aliyechaguliwa kozi hiyo mwaka huu, na ampe saa moja kwa juma hadi chuo kifunguliwe. Si lazima ujue fizikia. Mwambie akueleze, na usikubali mpaka umeelewa. Kila utakapomkatiza na kumwambia "sijakuelewa, rudia", utakuwa umemfundisha ualimu.

Kwa kijana mwenyewe nina neno moja la mwisho. Chuo kitakupa milinganyo, maabara na saikolojia ya elimu, nawe uvipokee vyote kwa bidii. Lakini siku ya kwanza ya mazoezi ya kufundisha, utakaposimama mbele ya watoto 60 au zaidi wanaokutazama, hakuna mhadhiri atakayekupulizia neno sikioni. Utafundisha kwa maneno uliyokwisha kuyapima mwenyewe. Anza kuyapima sasa.